Njoo Boneti Ikiwa ya Baridi: Mwongozo wa Kununua Subaru ya Mbio Ukiwa Misungwi

Mpunga ukishauzwa, na ng'ombe wawili watatu wakishageuka noti, kila mwaka hapa Misungwi hutokea kijana ambaye hataki tena kusikia habari za Probox. Anataka gari lenye tundu juu ya boneti. Anataka Impreza WRX, au STI mkono ukifika, au basi Forester ile yenye tabo, ambayo hata mama watoto ataikubali kwa kuwa nyuma yanaingia magunia. Mwongozo huu ni wake. Simkatazi hata kidogo, maana nayapenda magari haya kwa moyo wote, na mtu aliyevuna kwa jasho lake ana haki ya kukanyaga mafuta akasikia mgongo unagandamizwa kitini. Ninachokitaka ni kimoja: msimu ujao wa mpunga ukifika, gari liwe bado liko barabarani, lisiwe juu ya mawe uani huku kuku wanatagia kiti cha nyuma.

Mapenzi yenyewe yana asili. Injini ya EJ20 ilianza mwaka 1989 ndani ya Legacy, ikahamia kwenye Impreza, na Subaru hawakuachana nayo mpaka 2019, walipotengeneza magari 555 ya kuiagia. Katikati ya miaka hiyo Colin McRae alishinda Safari Rally ya Kenya ya 1997 akiwa na Impreza, na Richard Burns akashinda ya 2000 kwa gari la jina hilohilo. Watu wa Afrika Mashariki waliliona gari la bluu likipasua tope na vumbi la kwetu, si la Ulaya, likafika. Tangu hapo hakuna anayeweza kutuambia kitu. Lakini gari la McRae lilikuwa na mafundi wanaolisubiri njiani na helikopta angani. La kwako litakuwa na wewe, jeki, na fundi ambaye simu yake ikizimika ndiyo basi.

Sasa tuelewane tangu mwanzo. Karibu kila anayekwenda kuangalia gari la mbio anakagua mbio. Anaomba kukanyaga, anakanyaga, anacheka, analipa. Mbio hazina haja ya kukaguliwa. Hata Subaru iliyobakiza wiki mbili kunoki itakimbia vizuri siku ya majaribio. Kagua vinavyopoza na vinavyosimamisha: maji, oili, breki, matairi. Injini hizi zinauawa na joto, na oili chafu, na mwenye gari aliyenunua spoila kwa fedha ya mkanda wa taimingi. Vitu visivyopiga kelele ndivyo vitakavyokuambia gari limeishi na mtu wa namna gani.

Kabla ya gari utakutana na dalali, na dalali ana lugha yake.

“Namba E hiyo, ngosha, mkeka kabisa.” Namba inakuambia gari liliandikishwa lini Tanzania, haisemi lilitengenezwa lini. Impreza ya 2006 inaweza kuvaa namba E na isione haya. Mwaka wa kutengenezwa utafute kwenye kadi ya gari, kisha uulinganishe na mikanda ya viti. Vuta mkanda wote utoke mpaka mwisho, utakuta kitambaa kidogo kimeshonewa chini chenye tarehe. Mkanda mmoja ukiwa wa miaka tofauti na wenzake, ulibadilishwa, na mikanda ya kiti haibadilishwi ovyo. Mara nyingi ni baada ya kishindo. Fanya vivyo hivyo na vioo: kila kimoja kina nembo ya kiwanda kwenye kona. Kimoja kikiwa cha kiwanda kingine, uliza kile cha kwanza kilikwenda wapi.

“Alikuwa anaitumia dada mmoja wa ofisini, kazini na kanisani tu.” Kwa hesabu za madalali, Kanda ya Ziwa yote hakuna mwanamume aliyewahi kumiliki STI; zote zilikuwa za dada huyo mmoja, na kwa jinsi matairi yalivyolika, kanisa lake liko Dar es Salaam. Omba namba yake ya simu. Akipatikana, mwamkie kwa heshima, umuulize oili alikuwa anabadilisha gereji gani na baada ya kilomita ngapi. Aliyelitunza atajibu kabla hujamaliza swali.

“Injini haijawahi kufunguliwa.” Hili husemwa kwa fahari kuliko yote, nalo ndilo la kukukimbiza. EJ20 ina mkanda wa taimingi unaotakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na kuubadilisha kunataka mbele ya injini kufunguliwe. Ukikatika njiani, vali zinakutana na pistoni, na hapo hamna tena injini. Gari la miaka kumi na minane lenye kilomita 140,000 ambalo halijawahi kuguswa linatembea na mkanda wa kiwandani. Muuzaji amekiri kwa kinywa chake. Mshukuru, kisha ama uondoke, ama ukate kwenye bei gharama yote ya mkanda, pampu ya maji na roli zake.

“Kaservisi kadogo tu inataka.” Kama ni kadogo, mbona hakukafanya yeye?

Ukishamaliza maneno, panga siku. Mwambie utafika saa nne, fika saa moja na nusu. Salimia wenye nyumba, pokea chai ukipewa, kisha nenda ukaweke kiganja juu ya boneti. Iwe baridi. Ikiwa ya moto, kuna mtu amewasha gari mapema ili usilisikie linavyoamka. Kunywa chai ya pili, subiri lipoe. Wazee wetu mnadani hawajawahi kununua ng'ombe aliyelala. Wanamsimamisha, wanamtembeza, wanamfungua mdomo wamwangalie meno, na mwenye ng'ombe akilalamika kwamba anacheleweshwa wanahamia kwa mwingine bila ugomvi. Gari lako linataka subira ileile, nalo lina bei ya zizi zima.

Injini ikiwa bado ya baridi, fungua mfuniko wa maji. Maji ya rejeta yawe safi na yawe na rangi ya kulanti. Ukikuta maji ya bomba yenye kutu, basi mwenyewe alikuwa anaongeza tu, na swali ni kwa nini yalikuwa yanapungua. Ukikuta utando wa mafuta juu ya maji, funga mfuniko, aga. Chomoa kijiti cha oili, kifute, kirudishe, kichomoe tena. Oili kuwa nyeusi kidogo si kosa. Oili nzito iliyoganda, au inayonuka petroli, au iliyo chini ya alama, hilo ni kosa, maana tabo inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika juu ya utando mwembamba wa oili hiyohiyo. Kwenye baadhi ya injini hizi kuna kichujio kidogo ndani ya bolti ya bomba linalopeleka oili kwenye tabo. Kikiziba, tabo inakufa kwa kiu huku kijiti kinaonyesha oili imejaa. Mwulize fundi wake kama anakijua. Akikutazama kama umemwuliza habari za mwezini, umeshapata jibu.

Sasa iwashwe, na wewe uwe nje, si ndani. Pistoni za Subaru zimelazwa, mbili upande huu na mbili upande ule, na nyingi hugongagonga kidogo zikiwa baridi halafu zikatulia baada ya dakika chache. Hilo si msiba. Unalolitafuta ni mlio mzito kutoka chini, unaopanda kadiri anavyokanyaga na usioondoka injini ikipata moto. Hiyo ni beringi ya konrodi, ndiyo kunoki kwenyewe, na hapo hakuna cha “maongezi yapo”. Dalali ataongeza sauti ya muziki. Mwombe azime.

Weka mtu nyuma ya ekzosi, mwenye macho mazuri na asiye shemeji wa muuzaji. Mvuke mwepesi mweupe asubuhi ya baridi, unaopotea upesi, ni unyevu tu. Moshi mweupe mzito usioisha ni maji yanayoingia kwenye silinda. Moshi wa bluu ni oili, na uangalie unatoka lini: ukitoka anapoachia mafuta baada ya kukanyaga, mshuku tabo. Mweusi ni petroli nyingi kupita kiasi, na mara nyingi chanzo chake ni mtu aliyejifanya mtaalamu.

Halafu liache liunguruze dakika ishirini palepale, juani, kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Enzi za kivuko, foleni ya Kigongo ilikuwa inaifanya kazi hii bure: gari linasogea hatua tatu, linasimama, linasogea tena, jua la saa nane juu yake, na mwenye rejeta mbovu alikuwa anajulikana kabla feri haijarudi kutoka Busisi. Foleni ile haipo tena, kwa hiyo itengeneze mwenyewe. Sindano ya joto ipande mpaka karibu na katikati, itulie hapo. Feni za rejeta ziwake na kuzima zenyewe. Angalia tangi la maji kama kuna mapovu yanayopanda mfululizo. Hayo ni moshi wa silinda unaopita kwenye gasketi. Muuzaji atasema unapoteza muda wake na petroli yake. Mlipie hiyo petroli, itakuwa fedha ndogo kuliko zote utakazotoa siku hiyo.

Wakati unasubiri, soma gari. Nasema soma, kwa sababu magari yaliyotoka Japani yanakuja na maandishi ambayo hakuna anayejisumbua kuyabandua. Fungua mlango wa dereva uangalie ubavuni: gereji za kule hubandika karatasi ndogo ya oili ilibadilishwa lini na kilomita zikiwa ngapi. Kwenye injini, juu ya kava la mkanda, mara nyingine kuna nyingine ya mkanda wa taimingi. Miaka huandikwa kwa kalenda ya wafalme wao. Ukiona Heisei, au herufi H, ongeza 1988: H20 ni 2008. Ukiona Reiwa, au R, ongeza 2018. Sasa linganisha na dashibodi. Karatasi ikisema kilomita 118,000 mwaka 2012 na dashibodi inasema 84,000 leo, gari limetembea kinyumenyume, na muuzaji akueleze lilikuwa linakwenda wapi.

Omba pia karatasi ya mnada wa Japani. Wakaguzi wa kule huchora gari zima na kuweka alama kila penye dosari: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mahali palipokarabatiwa, XX ni kipande kilichobadilishwa, na namba inayofuata herufi inaonyesha ukubwa wa dosari. Daraja likiwa 4 au 3.5, gari lilitumika kawaida. Likiwa R au RA, liligongwa likatengenezwa. R si hukumu ya kifo. Wapo waliotengeneza vizuri. Lakini bei ya R iwe ya R. Na uiname chini ya gari lenyewe: magari ya kaskazini mwa Japani hutembea juu ya barabara zilizomwagiwa chumvi wakati wa theluji, na kutu yake huanzia chini, mahali ambapo rangi mpya haifiki. Ukikuta chini kumepakwa rangi nyeusi mbichi wiki hii, leta bisibisi ugonge taratibu.

Na usisahau safari ya gari kuja kwetu. Kutoka bandari ya Dar es Salaam mpaka Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,000, na mengi yamekuja kwa tairi, yakiendeshwa na dereva wa kukodi anayelipwa kwa kufika. Gari lililokaa miezi melini na yadini, likapewa petroli na namba za muda, likakanyagwa usiku kucha kwa oili ya zamani kupita Dodoma, Singida na Shinyanga, limepata mateso mengi kwa siku mbili kuliko kwa miaka mitano ya Osaka. Likija kwa lori, mwenyewe atakuwa na risiti na atakuonyesha kwa furaha.

Kuhusu STI, nitasema kwa ukali kidogo, kwa kuwa hapa watu wanaibiwa mchana. Beji inauzwa dukani. Inabandikwa kwa gundi. Kava nyekundu za plastiki zenye jina la Brembo zinauzwa pia, zinavikwa juu ya breki za kawaida, na kijana anaongezewa mamilioni kwenye bei kwa kipande cha plastiki. Ukweli uko kwenye namba ya chesisi. Impreza STI ya 2000 hadi 2007 ni GDB; ikisoma GDA, ni WRX ya kawaida, gari zuri, lakini si STI na haiuzwi bei ya STI. Iliyofuata ya milango mitano ni GRB. Toleo la mwisho, la 2014 mpaka 2019 kwa soko la Japani, ni VAB. Forester STI ni SG9. SG5 ni Forester nyingine za kizazi hicho, hata ikivalishwa nini. Angalia gia pia: kuanzia kizazi cha GDB, STI za Japani zenye gia za mkono zina gia sita. Ukihesabu tano, beji inadanganya. Breki halisi za Brembo za mbele ni kalipa nzima ya alumini, na ukichungulia katikati ya rimu utaziona zimekumbatia diski, si kava lililofungwa kwa waya.

Halafu kuna nguvu za farasi. Dalali atakutajia 400. Watengenezaji wa Japani walikuwa na makubaliano, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi 2004, ya kutotangaza gari lenye zaidi ya farasi 280, na magari yao kwa kawaida yalifungwa yasizidi kilomita 180 kwa saa. Kwa hiyo kama gari la miaka hiyo lina farasi 400, wale 120 waliingizwa na mtu, kwenye gereji fulani, siku fulani. Nani? Kwa programu gani? Kwa petroli gani? STI ya Japani ilisetiwa kwa petroli ya kule yenye okteni 100, ambayo hapa huipati kwenye pampu. Ukiongeza shinikizo la tabo juu ya petroli ya okteni ndogo, mafuta yanalipuka kabla ya wakati wake, na kinachopasuka ni kingo nyembamba za pistoni zinazoshika ringi. Injini za lita 2.5 ndizo zinazosifika vibaya kwa hilo. Huku kwetu tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na tabo inazunguka kwa kasi zaidi ili kufikia shinikizo lilelile. Sioni sababu ya kuizidishia kazi.

Ule mlio wa “pshiii” anapobadilisha gia, ambao watoto wa shule ya msingi wanaukimbilia, unatokana na vali inayomwaga hewa nje. Kompyuta ya Subaru imekwishaihesabu ile hewa na kuipangia petroli yake. Hewa ikimwagwa nje, petroli inabaki bila mwenzake, ndiyo ule moshi mweusi. Kiwandani hewa hiyo ilirudishwa ndani. Ushauri wangu ni huu, na nitausimamia mbele ya yeyote: kati ya Subaru iliyoongezewa kila kitu na ile iliyobaki kama ilivyotoka kiwandani, na ekzosi yake ya asili yenye sauti ya chini, chukua ya kiwandani hata kama ina mikwaruzo. Aliyeiacha hivyo hakuwa na haraka.

Sasa tuje kwenye kuendesha, ila kwanza fundi. Mchukue fundi wako, na ninaposema wako maana yake si yule aliyependekezwa na dalali. Mafundi wengi wa hapa mjini Misungwi ni hodari kwa Hiace, Noah na Probox. Fundi wa Subaru huenda ukamtoa Mwanza, umlipie nauli na chakula, na ufanye hivyo bila kunung'unika. Aje na kipimo cha kompresheni. Silinda zote nne ziwe karibu sawa. Moja ikiwa chini sana ya wenzake, hakuna punguzo la bei litakalolipa hilo. Atoe bomba la hewa linaloingia kwenye tabo, ashike ncha ya mhimili kwa vidole. Mchezo mdogo sana wa pembeni unavumilika, wa kwenda mbele na nyuma hauvumiliki kabisa. Achungulie mabomba ya intakula, kile kipoza hewa kilicho chini ya tundu la boneti: unyevu wa oili ni kawaida, oili inayotiririka si kawaida.

Muuzaji atataka mkalijaribu darajani. Ataendesha mpaka Usagara, atakunja kwenda Kigongo, na atakuonyesha mbio juu ya Daraja la J. P. Magufuli. Kataa. Daraja lile, kilomita 3 juu ya ziwa, lililofunguliwa Juni 2025, ni fahari yetu sote, ila kwa mkaguzi wa magari halina faida: limenyooka, ni laini, halina tuta wala shimo, na macho yako yatakuwa ziwani. Kila gari linapendeza pale. Wewe elekea Mabuki, kwa barabara ya Shinyanga. Huko kuna matuta, kuna rasta, kuna ng'ombe wanaovuka bila kuuliza, na kuna askari wa usalama barabarani penye kibao cha 50. Pita rasta kwa mwendo wa pole, vioo vikiwa chini, redio imezimwa: shokapu zilizokufa na bushi zilizolika zitajitaja zenyewe. Gari lililoshushwa chini ili lipendeze litakwangua tumbo kwenye tuta la kwanza, na utakumbuka kwamba nyumbani kwako kuna barabara ya udongo mweusi ambayo masika haina huruma.

Barabara ikiwa nyeupe na sheria ikiruhusu, weka gia ya nne kwa mwendo mdogo, kanyaga moja kwa moja. Injini ikipandisha mlio bila gari kuongeza mwendo, klachi imekwisha. Gia ya pili kwenda ya tatu iingie bila kukwaruza. Kwenye WRX za gia tano hapo ndipo pa kwanza kuchoka, hasa zikiwa zimekanyagwa na wapenda kuondoka kwa fujo. Kisha funga breki kwa nguvu, nyuma pakiwa patupu. Stelingi ikitetemeka, diski zimepinda. Gari likivuta upande, kalipa imeganda. Rudia mara tatu mfululizo. Breki ya kwanza hata mbovu inashika, ya tatu ndiyo inayosema kweli.

Jaribio la mwisho la kuendesha halina mbwembwe, na ndiyo maana watu hulisahau. Tafuta uwanja mgumu, kata stelingi mpaka mwisho, zunguka taratibu. Magari haya yanaendesha magurudumu yote manne, na katikati kuna difu inayoruhusu ya mbele na ya nyuma kuzunguka kwa tofauti kidogo. Gari likijivuta, likirukaruka, kana kwamba kuna mtu ameshika breki, difu hiyo imekufa. Chanzo mara nyingi ni matairi. Subaru wenyewe wanataka matairi manne yasitofautiane zaidi ya milimita 6 hivi kwa mzunguko, na sisi huwa tunanunua mawili mapya ya mbele, tunaacha ya mtumba nyuma, tunashukuru Mungu. Soma namba nne za mwisho kwenye ubavu wa kila tairi: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi la umri huo lina maua mazuri tu, lakini mpira wake umeshakuwa mgumu, na gari la farasi 250 halina kingine kinacholishikisha lami.

Karatasi zisikuchoshe, ingawa umechoka. Namba ya injini iliyopigwa kwenye chuma ifanane na ya kwenye kadi. Subaru nyingi zimebadilishwa injini baada ya kunoki, na injini ya kubadilisha si dhambi kama ilitolewa taarifa TRA na ina risiti. Jina la kwenye kadi liwe la mtu unayemwona mbele yako, au awepo kwa mkataba halali. Kadi yenyewe iwepo, ya asili, si picha ya simu. Kadi za magari siku hizi hulala kwa wakopeshaji wa kausha damu, na mwenye kadi mkononi atakufuata wewe, hatamfuata aliyekuuzia. Angalia madeni ya trafiki kwenye mfumo wa Polisi. Kwa gari hili yatakuwepo. Ayalipe yeye, mbele yako, kabla ya mkataba.

Na fedha usitoe zote. Ukiwa na milioni 20, tafuta gari la milioni 16. Zile nne ni za mkanda, pampu ya maji, oili ya injini na ya gia boksi na difu zote, maji ya breki, na matairi manne ya aina moja. Usimalizie kwenye rimu. Ukiambiwa na rafiki kwamba muziki kwanza, mwache aende akanunue la kwake. Baada ya hapo oili kila kilomita 5,000, na petroli ujue utakuwa unakwenda kilomita 7 hadi 9 kwa lita ukiwa mtulivu, na pungufu ya hapo ukiwa kijana.

Likitoka gereji, liwashe, subiri sindano ya joto ifike mahali pake, toka mjini polepole mpaka upite tuta la mwisho. Ndipo ukanyage. Ukifika unakokwenda usilizime papo hapo hata kama watu wamejaa kulitazama. Kaa ndani dakika moja, acha tabo ipoe, kisha shuka uwasalimie.